Papa Hubert Lifeta na Muziki Uliobaki Peke Yake

Mapadri na mashehe mliokaa leo benchi moja, wazee wa Yanonge mliopandisha mto usiku na mchana kuja huku, majirani wa Mangobo, waendesha toleka mlioegesha baiskeli zenu na kuacha wateja barabarani, na nyinyi mliosimama juani kwa sababu hema ni dogo, poleni na msiba, poleni na safari. Mimi ni Simone, mdogo wa marehemu, nimemfuata tumbo moja, na jamaa wamenituma nisome maisha yake mbele yenu kabla hatujambeba, wamenichagua kwa kuwa nimefundisha shule na sauti yangu inafika mbali, ingawa yeye mwenyewe, angekuwa amekaa pale kwenye kiti chake, angesema sauti ya Simone ni ya kufukuzia mbuzi. Nitasoma kwa utaratibu, tangu kuzaliwa hadi kufa, na mwisho kuna jambo moja ambalo mjane wake, Mama Safi, ametuagiza tumfanyie, kwa sababu yeye hawezi kulifanya, nalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Hubert Lifeta alizaliwa Yanonge, kando ya mto, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa Papa Dominique Lifeta, mvuvi, na wa Mama Sara Bolumbu, mkulima wa muhogo, wote wawili wametutangulia. Nyumba yetu ilikuwa karibu na ya mjomba wetu aliyepiga lokole, ile ngoma ya mti inayopeleka habari ng'ambo ya mto, na Hubert, kabla hajajua kusoma, alikuwa anakaa chini ya ile ngoma na kututafsiria, fulani amejifungua, fulani amerudi na samaki, fulani anaitwa nyumbani na mke wake haraka, nusu ya hayo alikuwa anatunga mwenyewe, lakini alitunga vizuri hata wakubwa walikuja kumsikiliza.

Alianza shule ya msingi ya misheni hapo Yanonge mwezi wa Septemba 1962, masomo yakakatika wakati wa uasi, akayamaliza mwaka 1969, ndipo baba akamleta Kisangani kwa mtumbwi pamoja na samaki wakavu, akamkabidhi kwa tonton Édouard, ndugu wa ukoo wetu aliyekuwa anakaa mtaa huu wa Mangobo. Alisomea umeme katika shule ya ufundi hapa mjini, akapata diploma yake tarehe 30 Juni 1976, na wanafunzi wenzake waliofika leo watashuhudia kwamba hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, alikuwa yule anayemwiga mwalimu mlango ukishafungwa.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika sinema moja ya Makiso, katikati ya mji, kazi yake kuendesha mashine ya filamu, akifungiwa katika kile chumba kidogo cha juu chenye joto la tanuri, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi, mpaka mama yetu akawa anauliza kama kweli huyu ni mtoto wa mvuvi au ni popo. Huko ndiko alikompata mke, na alimpata kwa masikio kabla ya macho. Mlangoni pa sinema kulikuwa na msichana anayeuza mikate ya mafuta, Safi, binti wa Mzee Moussa fundi cherehani, na siku moja alikuwa anagombana na mteja aliyedai mkate wake ni mdogo, sauti yake ikapanda mpaka juu kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, sauti nene kidogo, yenye mchanga ndani, inayocheka hata inapogomba, na kaka yangu akasahau kazi, filamu ikaisha kwenye gurudumu, kitambaa cha kuonyeshea kikabaki cheupe, ukumbi mzima unapiga miluzi, yeye ameweka sikio dirishani. Alikatwa mshahara, na maisha yake yote alisema hakuna pesa aliyoitumia vizuri kama ile.

Mzee Moussa, Mungu amrehemu, hakutaka. Alisema, na wazee wa upande wake wanakumbuka, "Binti yangu haolewe na mutu ya kazi ya giza, tena mukristu, tena mutu ya samaki!" Mazungumzo yalichukua misimu, tonton Édouard alikwenda na kurudi mpaka soli za viatu zikaisha, na kilichomlainisha mzee ni Safi mwenyewe, aliyemwambia baba yake kwamba huyu ndiye mwanamume pekee anayemsikiliza mpaka amalize. Walifunga ndoa ya serikali kule Makiso Jumamosi tarehe 20 Agosti 1983, kila mmoja akabaki na sala yake, yeye Jumapili, mke Ijumaa, na katika nyumba ile sikuwahi kusikia ugomvi wa dini, ugomvi ulikuwa wa chumvi.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Gédéon, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1985, aliyefika jana kwa ndege kutoka Kinshasa, na Aïcha, aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 1988, ambaye hakutoka kando ya baba yake mpaka dakika ya mwisho, na hao wamempa wajukuu ambao leo tumewafungia kwa jirani kwa sababu kelele zao wanazijua wenyewe.

Sinema ya Makiso ilifungwa baada ya uporaji wa miaka ya tisini, mashine ikatoweka, hata viti, marehemu akarudi kutengeneza redio za watu barazani, vita vikaja vikapita juu ya vichwa vyetu, na tarehe 5 Januari 2003 akafungua ukumbi wake wa video hapa Mangobo, Ciné Yanonge, nyumba ya mbao yenye televisheni moja kubwa, jenereta nyuma, mabenchi ya kanisa la zamani, na Mama Safi mlangoni na karai lake la mikate. Nyote mliingia pale, msijifanye.

Sasa niseme habari ya ile diski, kwa maana bila hiyo hamtaelewa agizo la Mama Safi. Katika sanduku la vitu vikuukuu vya Ulaya, marehemu alipata filamu halisi, si hizi za kunakili zinazokuja filamu ishirini katika diski moja, ilikuwa habari ya dereva wa gari ya moshi na mjane mwenye nyumba ya wageni karibu na reli, mapenzi ya watu wazima, hakuna bunduki hata moja, na vijana walilalamika kabla haijaanza. Jumapili tarehe 18 Septemba 2005 aliionyesha, na katikati ya filamu akaikalia rimoti. Mara moja wazungu wakanyamaza. Vinywa vinafunguka, neno hakuna, milango inafungwa bila kishindo, gari ya moshi inapita kimya kama paka, kinachosikika ni vinanda tu, na pale pasipo na vinanda hakuna kitu kabisa. Watu wakaanza kupiga kelele, "Papa Hubert, wazungu wako wamekamatwa na mafua!" Naye, badala ya kuhangaika na vibonyezo, akasimama kando ya televisheni akaanza kusema yeye maneno ya yule dereva, kwa Kiswahili chetu, kama alivyokuwa anatafsiri lokole utotoni, akapiga ngumi kwenye sanduku kuwa mlango, akatikisa mchele kwenye ungo kuwa mvua. Alipofika penye yule mjane kufungua kinywa, akakwama. Ndipo kutoka mlangoni, bila kuacha karai lake, Mama Safi akajibu, "We papa, unaingia mu nyumba ya watu bila hodi, na ile viatu yako ya matope?" Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, hata vijana waliotaka bunduki wakakaa chini, na kutoka siku hiyo hakuna aliyetaka kusikia tena Kifaransa cha wale wazungu.

Kesho yake, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, aliipeleka ile diski kwa Feruzi, mfanyabiashara wa Makiso aliyemuuzia, kulalamika kwamba ni mgonjwa, inapoteza sauti, Feruzi akaiweka kwenye mashine yake na wazungu wakasema vizuri kabisa, wakagombana pale mpaka watu wakajaa, na Padri Hugues, aliyekuwa anapita, ndiye aliyesoma maandishi madogo nyuma ya boksi na kueleza kwamba si ugonjwa, ni makusudi, wenye filamu wameweka njia kadhaa za sauti, zinazoitwa piste, moja ya Kifaransa, moja ya Kiingereza, na moja ya muziki peke yake, kwa watu wanaopenda kusikiliza muziki wa filamu bila maneno kuwasumbua. Marehemu alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa siri katika nyumba yake mwenyewe, akazunguka Makiso nzima akiomba, "Nipatie ingine yenye kugonjwa kama hii," na wauzaji, kwa moyo mwema, wakampa magonjwa ya kweli, diski zilizokwaruzwa, zinazokwama, zinazoimba kama chura, na katika maisha yake yote alipata nyingine mbili tu zenye njia ya muziki, lakini ile ya kwanza ndiyo tuliyoipenda, tukaiita filamu ya gare, yaani ya kituo cha gari ya moshi.

Kwa miaka karibu saba wale wawili walikuwa sauti za Mangobo. Kila Jumapili maneno yalibadilika kidogo, kama kulikuwa na habari ya mtaa basi yule dereva wa Ulaya aliijua, lakini mwisho haukubadilika hata siku moja. Dereva anapanda gari yake ya moshi, mjane anabaki gare, vinanda vinapanda polepole, na Mama Safi anasimama mlangoni, anafuta mikono kwenye kitenge, anasema, "Bon, uende, papa. Mulango sitafunga. Ukifika kule unitengenezee fasi, mi nakuya na mwendo yangu." Wanawake walilia kila Jumapili mahali palepale, pale anapomwomba amtengenezee nafasi, wakatoka wamefurahi. Baadaye Aïcha aliisikiliza ile filamu kwa Kifaransa akatuambia kwamba yule mama wa kizungu hapo anamwuliza tu bwana kama amechukua mwavuli wake, na hakuna aliyemshukuru kwa kutujulisha.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 sauti ya Mama Safi ilianza kukwaruza, tukasema ni moshi wa karai, tukampa tangawizi, na ugonjwa ukaendelea kukua kooni. Watoto walimpeleka hospitali moja ya Kampala, na tarehe 9 Mei 2012 madaktari walimpasua, wakamwokoa maisha, na kwa kumwokoa walilazimika kuondoa kile kinachotoa sauti, tangu hapo anapumua kwa tundu dogo shingoni, lile analolifunika kwa kitambaa chake kizuri, yupo, anapika, anacheka kwa mabega, anatugombeza kwa macho, lakini neno hatoi. Madaktari walimweleza marehemu wazi, akaitikia, akawashukuru, akarudi Kisangani na kuniambia mimi hapa uani, "Simone, sauti haipotee. Ile ya wazungu tulizania imepotea, kumbe iko ku piste ingine. Ni kutafuta tu kibonyezo."

Nilidhani ni utani, alikuwa mtu wa utani. Haukuwa utani. Alifungua ukumbi tena, akaweka filamu ya gare kwenye njia yake ya muziki, akasema maneno ya dereva kama zamani, na alipofika pa mjane, akanyamaza. Akauacha muziki upite peke yake mpaka yule mama alipofunga kinywa, kisha akajibu kama aliyesikia kila neno. Mama Dominique, yule wa soko mnayemjua kwa ukarimu na kwa mdomo, kwa nia njema alijitolea kusema zile sehemu, kwa kuwa alizijua zote, na siku aliyoanza, marehemu alikwenda nyuma akazima jenereta, akarudi gizani akasema, "Pardon, Mama Dominique. Ile fasi iko na mwenyewe." Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu hata kunong'ona.

Mimi sikumuunga mkono, na hata leo sijabadilika sana. Nilimwambia kwamba anamtesa mke wake, mtu amekaa mlangoni na kila Jumapili anaonyeshwa mahali palipokuwa pake, pamebaki wazi kama jino lililong'oka. Aliendelea vile vile. Lakini mimi nilikuwa nakaa benchi la pembeni, karibu naye, na niliona jambo ambalo nyinyi wa katikati hamkuliona, kwamba vinanda vilipoanza kupanda pale gare, marehemu hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa anatazama mlangoni. Na Mama Safi, amesimama, anafuta mikono kwenye kitenge, midomo yake inakwenda, neno kwa neno, kama zamani, na kaka yangu amemkazia macho kwa hamu ambayo sikuwahi kuona mtu kumtazama nayo mtu aliye karibu hivyo, alimtamani kama mtu anavyomtamani aliye safarini, na mke yuko hatua chache tu, ana unga vidoleni.

Miaka ilikwenda hivyo. Simu zilikuja na filamu ndani yake, vijana wakahama, mabenchi yakapungua, wakabaki wazee, waendesha toleka waliotaka kupumzisha miguu, na wale wanawake. Mtu mgeni angeingia angeshangaa, watu wamekaa wanasikiliza vinanda bila neno, wanafuta machozi, wanatoka.

Marehemu alianza kuumwa moyo mwezi wa Machi 2023, miguu ikavimba, akalazwa mara kadhaa, akarudi, akakatazwa ngazi, chumvi na kelele, akatii ngazi. Mara ya mwisho alionyesha filamu ya gare Jumapili tarehe 28 Julai 2024, alikuwa ameketi, pumzi fupi, na pale mwishoni hata sehemu yake ya dereva ilimshinda, akaacha, muziki ukawa peke yake kwa wote wawili, na hakuna aliyenong'ona wala kuondoka mpaka televisheni ilipokuwa nyeusi.

Katika wiki zake za mwisho alilala chumba cha mbele, mlango wazi, kichwa upande wa jikoni. Aïcha alimwuliza kama kelele za sufuria hazimsumbui, akasema la, anasikiliza. Jumatatu jioni alituita Aïcha na mimi, akatushika mikono, nilitegemea atasema habari za nyumba au za kaburi, akasema, "Nimechoka, nalala kidogo. Mama Safi akisema, muniamushe." Mwenye kuamini na aamini, mwenye kucheka na acheke, sisi tuliitikia. Aliaga dunia Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, saa nne ya asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane, mkono wake ndani ya mkono wa Mama Safi, na huyo ndiye aliyejua kabla yetu, akatoka mlangoni akapiga makofi mpaka tukaja.

Kwa niaba ya jamaa, nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, maana hakuwa mgonjwa rahisi, aliwaiga wote, nawashukuru wale wa Kampala waliotuachia Mama Safi hai, nawashukuru majirani mlioleta kuni, maji na pondu, majani ya muhogo, bila kuombwa, mafundi wenzake wa redio na wa jenereta, Feruzi aliyeleta sanda na machozi ya kweli, Padri Hugues, jamaa wa marehemu Mzee Moussa waliokesha nasi wakisoma sala zao upande wao nasi tukiimba upande wetu, na waendesha toleka, watazamaji wake wa mwisho. Mungu awalipe pale ambapo sisi hatutafika.

Sasa nimefika kwenye agizo. Jumatano asubuhi Mama Safi alitoka chumbani, akaja uani mahali wanawake walipokuwa wanachambua pondu, akawaonyesha kwa kidole mmoja mmoja, akianza na Mama Dominique, akagusa shingo yake, kisha akaonyesha mlango wa chumba alimolala mume wake. Hatukuelewa. Akafuta mikono yake kwenye kitenge, vile vile mnavyojua, akasimama wima, na hapo wote tukaelewa kwa pamoja, Mama Dominique akaangusha kisu. Aïcha alimwuliza kama kweli anataka, akaitikia kwa kichwa, akamwuliza tena, akakasirika, maana Mama Safi hapendi kuulizwa mara mbili. Ile nafasi aliyolindiwa miaka yote hii, mwenyewe anaifungua leo. Anataka yale maneno ya gare yasemwe mbele ya mume wake, kwa sauti, kabla sanduku halijafungwa, na anaviazima vinywa vyetu.

Gédéon ameshawasha mashine, na hivyo vinanda mnavyosikia ndivyo vile. Wanawake wa Mangobo, simameni. Wanaume pia, simameni, mnayajua, nimewasikia mkiyasema kwenye baiskeli zenu. Mtazameni Mama Safi, midomo yake ikianza nasi tuanze, polepole, tusimpite.

"Bon, uende, papa. Mulango sitafunga. Ukifika kule unitengenezee fasi, mi nakuya na mwendo yangu."

Yaya Hubert, mkubwa wangu, ulituagiza mama akisema tukuamshe. Amesema, Mangobo nzima imesikia. Lakini hatukuamshi, kaka yangu, umengoja vya kutosha, lala, pumzika kwa amani, mlango uko wazi.